Kapkeki za Mbaraki: Piga Bei Poa, Pamba Kulingana na Joto, Usiuze Jasho Lako Bure

Kama unauza kapkeki finje hapo Mbaraki kwa sababu jirani wa ghorofa ya pili pia anauza finje, kaa chini kidogo tuongee. Kuna uwezekano mkubwa kwamba wateja wako hawanunui keki. Wewe ndiye unawalipia wakule.

Mambo hujulikana siku mtungi wa gesi unaisha. Umeuza wiki tatu, statasi ya WhatsApp imejaa picha, watu wameandika "weh, umetisha", halafu unafungua M-Pesa na doh ya kujaza gesi haiko. Unaanza kujiuliza nani ameiba. Hakuna mwizi. Ni bei yako ndiyo mbovu, na mara nyingi imeharibiwa na kitu ambacho hukukiweka kwenye hesabu kabisa: ile aisingi ya juu.

Hapo ndipo watu wengi huteleza. Wanafikiria bei ni jambo moja na urembo ni jambo lingine, ati kwanza unapamba vile roho inataka, kisha unaangalia mtaa unauza ngapi. Lakini kila ua unalochora ni gramu za sukari, gramu za siagi na dakika zako. Na kwa joto la Mombasa, pambo lisilofika kwa mteja likiwa limesimama ni pambo umelifanya bure.

Hiyo finje ilitoka wapi?

Kisiwa hiki kimezoea kununua vitafunio mlangoni. Mahamri, vibibi, kaimati, viazi karai: kutoka Mji wa Kale mpaka huku kwetu upande wa Kilindini, akina mama wameuza vitu hivi kwa moja moja tangu zamani. Bei yake ni ya kuokota sarafu mfukoni. Na ile bei haikuhesabu mkono wa mpishi, kwa sababu mama alikuwa anapikia nyumba yake kwanza, zilizobaki ndizo zinauzwa. Hamri halina boksi, halina kikaratasi, halina aisingi. Linakaa kwenye ndoo yenye kifuniko na maisha yanaendelea.

Kapkeki imeingia kwenye mlango huo huo na ikarithi ile tabia ya bei. Mteja akiiona anailinganisha na kwinkeki ya kiosk, ile isiyo na kitu juu. Huwezi kumlaumu. Kazi yako ni kujua tofauti iko wapi, kwa shilingi, ndio akiuliza ujibu bila kukasirika.

Hesabu ya keki 24

Bei ninazoweka hapa ni za mfano wa kupigia hesabu. Wewe toa zangu, weka zile ulizonunua nazo kwa duka lako. Muhimu ni njia.

Tuseme unapika raundi moja ya keki 24. Unga gramu 400. Kama pakiti ya kilo 2 ni 180, hapo umetumia bob 36. Unga wa ngano si shida Mombasa, Ajab na Dola zinasagwa hapa hapa, na bei ya unga ndiyo itakusumbua kidogo kuliko zote. Sukari gramu 350, kilo ikiwa 160, ni bob 56. Siagi ya kuokea gramu 350, kilo ikiwa 500, ni 175. Ndio, umeona vizuri: siagi pekee inazidi unga na sukari pamoja mara karibu mbili. Mayai 6 kutoka trei ya 480 ni 96. Maziwa robo lita, 30. Beking poda, vanila na chumvi, weka 25. Jumla ya keki tupu ni 418.

Sasa njoo juu. Mzunguko mzuri wa aisingi, ule unaosimama kama kilemba, hula kama gramu 35 kwa keki moja. Keki 24 ni gramu 840: theluthi moja mafuta, yaani gramu 280 za bob 140, na theluthi mbili sukari ya aisingi, gramu 560, ambayo kwa kilo ya 320 ni 179. Rangi na zile punje za kunyunyiza, 40. Jumla 359. Kwa hivyo kofia ya keki inakaribia bei ya keki yenyewe.

Bado. Vikaratasi vya kuokea 24 kwa bob 2 ni 48. Maboksi manne ya keki sita sita, yale yenye dirisha, kwa 60 kila moja ni 240. Gesi tuipe 60. Hii ya gesi watu hubahatisha, na hakuna haja. Andika tarehe kwa chaki kwenye mtungi ukiujaza, halafu hesabu raundi mpaka uishe. Mtungi wa kilo 13 wa bob 3,300 ukikupa raundi 55, basi kila raundi ni 60.

Jumlisha: 418, 359, 48, 240 na 60. Inakuja 1,125. Gawanya kwa 24, kila keki imekugharimu karibu bob 47.

Uza finje sasa. Keki 24 zinaleta 1,200. Umebaki na 75. Hiyo 75 ndiyo mshahara wako wa kupiga siagi, kuoka, kupamba, kupakia na kuosha sufuria zenye mafuta, na keki moja tu ikianguka, umebaki na 25.

Saa zako si za bure

Chukua saa ya simu, pima kazi yako mara moja tu kwa ukweli. Kuchanganya nusu saa, oveni kama dakika 50 kwa trei mbili (hapo unaweza kutengeneza aisingi, kwa hivyo usihesabu mara mbili), kupamba dakika 40, kupakia 20, kuosha vyombo na kupangusa meza nusu saa. Kwa mtu aliyezoea, raundi hii ni kama saa tatu za mikono.

Saa moja ni ngapi? Mshahara wa chini wa serikali kwa kibarua wa kawaida katika miji kama Mombasa na Nairobi, baada ya nyongeza ya Novemba 2024, ulikuwa 16,113.75 kwa mwezi. Kwa wiki ya kazi ya saa 52, hiyo ni bob 70 na kitu kwa saa. Hiyo ndiyo sakafu, ya mtu asiye na ufundi. Wewe una ufundi, una oveni, una jina. Mimi naweka 150. Ukiona ni nyingi, kumbuka fundi wa simu hakuguzi kioo kwa bei hiyo.

Saa tatu kwa 150 ni 450. Kisha ongeza asilimia 10 ya gharama kwa ajili ya hasara: yai bovu, keki iliyoshuka katikati, stima kupotea, nozo kupotea (nozo hupotea kuliko soksi). Hapo ni 113. Sasa raundi ni 1,688, yaani bob 70 kwa keki, na biashara haijapata hata shilingi ya kununulia trei mpya. Weka faida ya asilimia 30, unafika 2,194. Gawanya: 91.

Hakuna mtu Mombasa anauza kitu bob 91. Basi uza moja moja soo, na boksi la sita 570. Hiyo ndiyo bei ya kapkeki yenye kilemba.

"Soo? Hapa mtaani? Nani atanunua?"

Swali zuri. Jibu si kuteremsha bei ya ile ile keki. Jibu ni kuwa na keki tofauti.

Bei tatu, keki tatu

Ya kwanza haina aisingi kabisa. Tia iliki kwenye unga, nyunyiza nazi iliyokunwa au ufuta juu kabla ya kuingiza kwa oveni. Gharama ya raundi ni ile 418, vikaratasi 48, gesi 60 na karatasi za kufungia 20: jumla 546. Kazi yake ni saa moja na nusu, bob 225. Hasara 55. Inakuja 826, bob 34 kwa keki. Uza 40. Hii ndiyo ya watoto wa shule, ya vijana wa godown, ya chai ya saa nne kwenye ofisi za kutoa mizigo bandarini. Faida ni ndogo, 134 kwa raundi, lakini saa zako zimelipwa tayari na haina drama ya kuyeyuka.

Ya pili ni ya aisingi bapa. Unapaka kwa kisu au kwa mgongo wa kijiko, gramu 20 tu, halafu pambo moja katikati. Aisingi inashuka hadi 182, rangi na punje 20, na ukipakia kwenye maboksi mawili ya keki 12 badala ya manne, unaokoa tena. Gharama 928, kazi ya saa mbili na nusu 375, hasara 93, jumla 1,396. Ni 58 kwa keki. Faida ya asilimia 20 inakupeleka 70.

Ya tatu ndiyo ya soo, tushaiongelea.

Sasa mteja akikuambia "nipunguzie, bei ya mwisho ngapi?", na hapa kwetu lazima aulize, hata kama ni shangazi yako, hasa kama ni shangazi yako, humpunguzii bei. Unampunguzia pambo. "Kwa 70, mamangu, nakupakia bapa, tamu ni ile ile." Tena ni ukweli. Keki ya chini haijabadilika. Watu wengi wanachagua ya 70 na wanaenda wamefurahi, na wewe hujalia usiku.

Mizani ndiyo bosi wa mfuko wa kupambia

Ukinunua kitu kimoja mwaka huu, nunua mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali. Weka keki juu yake, bonyeza irudi sifuri, pamba, soma namba. Fanya hivyo kwa keki tano za kwanza. Kama unadhani unaweka 35 na mizani inasema 50, umezidisha gramu 15. Gramu moja ya aisingi ya mfano wetu ni kama senti 38. Gramu 15 mara keki 24 ni bob 137. Rudi juu kwenye ile faida ya 75 ya mwenye kuuza finje uone ilivyoliwa na mkono mzito peke yake.

Mkono mzito hauonekani kwa macho. Keki ya gramu 50 na ya gramu 35 kwenye picha zinafanana, ukitumia nozo ya nyota kubwa, ile waokaji huiita 1M. Siri ni kuanzia ukingoni na kuzunguka ukiingia ndani na kupanda, mizunguko miwili na nusu, kisha uache kubana kabla ya kuinua mkono. Ukianzia katikati na kutoka nje, unapata waridi bapa, ambalo hula aisingi kidogo zaidi ya kupaka kwa kisu na linaonekana la harusi. Hilo waridi ndilo ningeanza nalo kama bado unajifunza.

Joto halina huruma

Hapa sasa ndipo video za YouTube zinawapoteza watu. Yule dada wa video anapamba jikoni kwenye nchi ya baridi. Siagi ya maziwa huanza kulegea mapema na kuyeyuka kabisa kwenye nyuzi 32 hadi 35. Mombasa mwezi wa Februari na Machi, kaskazi ikivuma, mchana unafika huko huko nyuzi 32, 33. Kwa hivyo aisingi ya siagi tupu unayoona kwenye simu, hapa ni mchuzi unaosubiri wakati wake.

Tumia nusu majarini ngumu ya kuokea, nusu mafuta magumu meupe ya kupikia yasiyo na harufu. Najua, ukiyasikia mafuta ya kupikia unafikiria chapati. Piga vizuri na vanila na chumvi kidogo, hakuna atakayejua. Majarini laini ya kupaka mkate ina maji mengi, inafanya aisingi inatoka jasho. Iache kwa mkate. Kijiko kimoja au viwili vya unga wa mahindi mweupe laini, ule wa kastadi, kwa kila nusu kilo ya sukari ya aisingi husaidia kushika unyevu. Maziwa weka matone, usimwage.

Pamba mapema, alfajiri au usiku, siyo saa saba mchana feni ikikupulizia hewa ya moto. Keki ipoe kabisa. Kama kiganja kinasikia uvuguvugu chini ya kikaratasi, bado. Na angalia mkono wako mwenyewe. Kiganja kina joto la mwili, na mfuko ukikaa mkononi dakika kumi, aisingi ya mwisho inatoka kama uji. Gawanya kwenye mifuko miwili midogo, mmoja mkononi, mwingine kwa friji, badilisha.

Rangi ni za jeli, siyo za maji. Nyekundu na nyeusi huiva zikikaa, kwa hivyo changanya usiku, asubuhi zitakuwa zimekolea bila kumwaga chupa nzima na kuacha uchungu mdomoni. Nyeusi ianzie kwa kakao, hapo unahitaji rangi kidogo sana.

Fondanti inapendeza kwa picha, lakini na unyevu wa pwani ni mtihani. Ukiitoa kwa friji inaanza kulia, maji yanatiririka, rangi zinaingiliana. Kama mteja lazima anataka vidoli vya fondanti, vitengeneze siku mbili mapema, vikauke kwenye boksi la karatasi, si kwa friji, na vipandishe juu ya keki dakika za mwisho. Na uvilipishe. Kidoli kimoja dakika tano, 24 ni saa mbili, bob 300 za mkono kabla hujahesabu fondanti yenyewe. Ongeza 20 kwa keki na usione haya.

Krimu ya maziwa na jibini laini mimi singeuza kabisa kwa mtu anayebeba kwenye tuktuk. Kanuni ya usalama wa chakula ni masaa mawili nje ya friji, na joto likizidi nyuzi 32 inabaki lisaa limoja. Kutoka Mbaraki hadi bash iko Likoni, na foleni ya feri katikati, lisaa limekwisha hata mshumaa haujawashwa. Tumbo la mgeni likichafuka, watataja jina lako, siyo jina la feri.

Chokoleti iliyoyeyushwa na krimu kidogo, ukifanya chokoleti sehemu mbili kwa krimu moja, hushika zaidi kwa joto letu kuliko ile ya nusu kwa nusu. Lakini hii nayo iende kwa kuchovya, keki ichovywe kichwa tu, tabaka jembamba. Ni bapa ya bei ya 70 iliyovaa suti.

Pambo ambalo haliyeyuki liko sokoni

Huyu mtu wa Nairobi anauza vanila na chokoleti. Wewe uko kisiwani. Pita Marikiti ununue iliki, nazi, tangawizi, mdalasini. Nazi iliyokunwa ukaikaanga kavu mpaka iwe ya dhahabu, ukaitupia juu ya aisingi bapa, inanukia mpaka ngazi za chini na haijali jua. Unga wa ubuyu ukichanganywa kwenye aisingi unaleta uchachu ambao unakata ile sukari, na kila mtoto wa Mombasa anajua ladha hiyo. Ila tumia unga, usiweke mabuyu mazima juu: kokwa litavunja jino la mtu, na rangi yake nyekundu itachuja kwenye aisingi nyeupe baada ya nusu saa. Maji ya waridi matone mawili, na waridi la nozo juu, hiyo ni keki ya harusi ya kipwani bila fondanti.

Maembe yakijaa, mteja atakuomba kipande cha embe juu. Kataa, au weka akiwa anakula hapo hapo. Embe linatoa maji.

Na kama unauzia Mji wa Kale au familia za Kiislamu popote, soma vibandiko. Jelatini kwenye peremende laini na baadhi ya punje za kunyunyiza inaweza kutoka kwa nguruwe, na baadhi ya vanila huwa na pombe ndani. Tafuta zilizoandikwa halali, na mteja akiuliza umwoneshe pakiti. Kwa msimu wa Idi hilo ndilo swali la kwanza, hata kabla ya bei. Ramadhani yenyewe usiwaze mauzo ya mchana. Pika ya futari na ya usiku, ndogo ndogo, zenye iliki.

Oda, kutanguliza na kubeba

Oda yoyote ya zaidi ya boksi mbili, mteja atangulize nusu, na kama kuna rangi maalum au jina la mtoto, zaidi ya nusu. Hii si kiburi. Keki zenye "Hongera Swaleh" hakuna mwingine atazinunua. Pokea kwenye Till au Pochi la Biashara, usichanganye na pesa ya nyumba, maana ikiingia kwenye laini yako ya kawaida itanunua tokeni za stima na hutakumbuka.

Oda ya keki 100 za harusi ikija, wataomba bei ya jumla, na ni haki yao kidogo. Ukipika nyingi, mkono unapata kasi, na kama zinapangwa kwenye stendi hununui maboksi madogo. Lakini siagi haipungui. Mayai hayapungui. Hesabu yako itakuonesha unaweza kutoa 10, labda 15 kwa keki. Akitaka zenye kilemba kwa 60, mwoneshe ile bapa. Akikataa, mwache aende salama, kuna watu wamekesha wakipamba keki mia na asubuhi wakakopa nauli ya kuzipeleka.

Nauli nayo isimezwe na bei ya keki. Mtu wa Kizingo na mtu wa Mtwapa hawawezi kulipa sawa. Tuktuk ni bora kuliko boda kwa keki zenye kilemba, boda ni kwa bapa na zile za 40. Boksi likae sakafuni, siyo kwenye kiti kilichoinama, na mwambie dereva mapema kuna keki. Kwenye feri, anayevuka kwa miguu halipi, kwa hivyo kama mteja yuko Likoni, mara nyingine ni rahisi wewe mwenyewe kuvuka na boksi mkononi kuliko kulipia gari. Na usahau mfuko wa plastiki, ulipigwa marufuku tangu Agosti 2017. Mfuko wa karatasi wenye chini pana ndio unaobeba boksi bila kulilaza.

Makaratasi, kwa ufupi

Ukipika chakula cha kuuza unahitaji cheti cha afya cha wanaoshika chakula, unapimwa tena kila miezi sita, pamoja na leseni ya biashara ya kaunti. Ofisi na hoteli huuliza hivyo kabla ya kukupa oda ya kila wiki, kwa hivyo gharama yake pia iingie kwenye hesabu. Upande wa kodi, Sheria ya Fedha ya 2023 iliweka kodi ya mauzo asilimia 3 kwa biashara inayouza kati ya milioni 1 na milioni 25 kwa mwaka. Milioni 1 ni kama keki 27 za soo kila siku bila kupumzika. Si mbali vile unadhani.

Bei ikibadilika dukani

Kila tarehe mosi, rudia hesabu na bei mpya. Si kila kupanda kunastahili kelele. Trei ya mayai ikitoka 480 hadi 540, kila yai limeongezeka bob 2, raundi nzima 12, na hiyo ni senti 50 kwa keki. Nyamaza, meza. Lakini siagi ikitoka 500 hadi 620 kwa kilo, kumbuka raundi ya kilemba inakula gramu 630 za mafuta, chini na juu. Ni bob 76 zaidi, zaidi ya 3 kwa keki, na ukiweka hasara na faida ni karibu 5. Hapo usisubiri mpaka mtungi uishe. Andika kwenye statasi Ijumaa jioni, na picha nzuri: kuanzia Jumatatu, boksi la sita la kilemba ni 600, bapa na za chai bei ni ile ile.